Mama Alipoishika Plau

Mwaka ule wa mkutano wa wanawake wa Beijing, na miaka kadhaa iliyofuata, hakuna mwanamke wa Kitale aliyeweza kumjibu mwanamume bila kuambiwa analeta mambo ya Beijing. Ukilalamika kwamba umerukwa kwenye foleni, Beijing. Ukimwambia mwalimu mwenzako ajimiminie chai yake ya saa nne, Beijing tena. Nilikuwa nikifundisha huko wakati huo na mzaha wenyewe ulinichosha upesi. Mama yangu hakujua Beijing iko upande gani wa dunia, na alikuwa amemaliza shughuli hiyo zamani, akiwa na matope hadi magotini.

Kwetu ni upande wa Malakisi. Mwanamke wa kwetu alipalilia, akavuna, akakausha tumbaku, akabeba maji na kuni, na hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni kazi nzito kwa mwanamke. Lakini kulima kwa ng'ombe, hapana. Plau ilishikwa na mwanamume, ng'ombe wakaendeshwa kwa mluzi, na mwanamke hapigi mluzi. Ilisemwa kwamba mke akiishika plau ya mumewe anamwitia kifo. Sijakutana na mtu wa kunieleza kifo na plau vilijuana wapi, lakini nikiwa mtoto niliamini kabisa.

Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba kubwa la mahindi huko Kitale. Mvua ikianza, Kitale wanalima na sisi tunalima, kwa hivyo hakuwa akipewa ruhusa. Alilima mashamba ya watu mpaka macho yanachoka, na shamba lake mwenyewe likamngoja kaka yake, baba mkubwa. Sisi tulikuwa na dume mwekundu, baba mkubwa alikuwa na mweusi, na wawili hao walifungwa nira moja. Walilala katika zizi letu kwa sababu malisho mazuri yalikuwa kwetu. Baba mkubwa alilima kwake kwanza, halafu kwa rafiki zake, halafu kwa yeyote aliyemwandalia pombe ya busaa. Sisi tulikuwa wa mwisho, na kila mwaka mahindi yetu yalichelewa yakaliwa na funza.

Mwaka ninaousema tulikuwa tumetoka kwenye njaa. Tulikuwa tumekula mahindi ya manjano ya msaada hadi tukayachukia, na mdogo wangu alikuwa bado amevimba miguu. Mvua iliporudi, mama alikwenda kwa baba mkubwa kila jioni akasimama mlangoni kwa adabu.

"Shemeji, mvua inatuacha."

"Kesho, mama. Si nilikwambia kesho?"

Hakuwa mtu mbaya, baba mkubwa. Kesho yake ndiyo ilikuwa mbaya. Majirani walikuwa wameanza kupalilia sisi tukiwa bado tunatazama magugu.

Asubuhi moja mama aliniamsha, akajifunga leso kiunoni, akasema, "Leo huendi shule. Shika kamba ya ng'ombe, utembee mbele, na usigeuke nyuma hata ukisikia nini."

Kufunga nira kulituhangaisha, lakini ilifungika. Mama akashika plau kwa mikono miwili na kusema, "Twende." Ng'ombe hawakutikisika. Akakaza sauti kama ya baba. Mweusi akainua mkia, akanya, akaendelea kusimama. Walikuwa wamezoea mluzi na hawakuwa na habari na maneno ya mtu. Mama alitazama huku na huku, akakunja midomo, ukatoka upepo mtupu. Nilicheka nikakemewa. Akajaribu tena na tena, mpaka ukatoka mluzi mwembamba, uliopindapinda, lakini mluzi. Ng'ombe wakavuta kwa ghafla, plau ikamponyoka, akaanguka kifudifudi mbele ya watu waliokuwa wameshaanza kukusanyika kwenye ua.

"Weee! Ati anapiga mluzi!" jirani mmoja alipaza sauti. "Huyu bwana yake ataludi kwa sanduku, bana!"

Mama aliinuka akatema udongo, akapiga mluzi mwingine. Mistari ya kwanza ilipinda kama njia ya mlevi. Kufikia saa sita ilikuwa inanyooka, na watu walikuwa wamekwenda zao, maana mtu hawezi kutazama kazi ya mwenzake siku nzima. Tulirudi kesho yake na siku iliyofuata. Tulipomaliza tulipanda, na usiku ule ikanyesha.

Ndipo baba mkubwa akaja. Laiti angegomba. Alisema polepole, kwa masikitiko, kama mtu anayetoa pole.

"Mama, nimekuja kuchukua ng'ombe wangu. Na mwisho wa wiki nitaenda Kitale kumwambia ndugu yangu kwamba umemtakia kifo. Atajua mwenyewe kama utaendelea kukaa hapa."

Mama alielewa vizuri maana ya kukaa hapa. Kulikuwa na mwanamke wa Myanga aliyerudishwa kwao kwa kosa dogo kuliko hilo, watoto wakabaki. Jioni hiyo alitupakulia chakula akatutazama mmoja mmoja, nami nikashikwa na hofu ambayo sijaisahau hata leo.

Asubuhi alinichukua tukatembea hadi barabarani, tukapata basi la Bungoma na lingine la Kitale. Alitaka baba alisikie jambo hilo kutoka kinywani mwake kwanza. Shamba lile lilikuwa kubwa kiasi kwamba tuliliona trekta muda mrefu kabla ya kulisikia. Baba alipotutambua alizima injini katikati ya mstari akaruka chini akikimbia, maana mke hafiki kazini bila taarifa ila kwa msiba.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," mama alisema. "Nimelima."

"Umelima na nani?"

"Na ng'ombe. Mtoto akiwa mbele, mimi nyuma. Nimepiga na mluzi. Kama ni kunirudisha kwetu, nirudishe, lakini mahindi yako yameshapandwa."

Vibarua waliokuwa karibu walijifanya wanafunga viatu. Baba alinitazama mimi, akamtazama mama, akatazama shamba la mwenye shamba lililokwisha kulimwa nusu. Alipanda trekta lake akamaliza mstari, akarudi, na bila kushuka akatuambia tule kwake kisha turudi nyumbani, naye angekuja mwisho wa mwezi. Mama alisafiri njia nzima ameshika mkono wangu kama vile mimi ndiye ningemkimbia.

Baba alikuja. Baba mkubwa, ambaye safari ya Kitale aliiacha alipojua tumemtangulia, alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha wageni. Mama alileta chai akasimama kando ya mlango, nami nikajibanza nyuma yake. Baba mkubwa alieleza yote, na kwa kweli hakuongeza chumvi. Alimaliza kwa kusema, "Mimi nimekuonya. Mwanamke ameshika plau yako. Ukifa usiseme sikukwambia."

Baba alikunywa chai yake yote kwanza. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini.

"Ndugu yangu, mimi naendesha mashine. Naweza kufa kesho kutwa, plau ishikwe isishikwe. Nikifa, hawa watalimiwa na nani?"

Baba mkubwa alitazama mlangoni tulipokuwa.

"Basi mwache ajue kulima," baba alisema. "Ng'ombe wa pili nitatafuta."

Mama alikusanya vikombe akatoka. Nilimfuata jikoni nikidhani nitamkuta anacheka, kwa sababu mimi nilitaka kurukaruka. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya mafiga akilia, amejaza leso mdomoni ili wanaume wasimsikie.