Mkalimani Alipewa Kipaza Sauti Tu

"Bon, padri amesema maneno mingi vile, na ni hiyo tu?" Mama mmoja aliuliza hivyo Jumapili kanisani kwetu, hapa Buffalo, Marekani. Alifiwa na mumewe juzi, akaja kutafuta faraja.

Padri alihubiri kwa Kiingereza juu ya mtakatifu aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini: alivyojifunza Kiebrania ukubwani, kwa mwalimu Myahudi, asije akalipotosha Neno. Kisha akawaambia waliofiwa kwamba Mungu hajawasahau. Mkalimani, kijana wa chuo aliyeitwa ghafla kutoka kwaya, akajikuna shingo: "Padri anasema tumpende Mungu."

Nilimfuata nje nimekunja uso. "Kaka, umemnyima mama yule faraja yake."

"Dada, niliitwa nikiwa naimba. Wewe ungeweza?"

Ningeweza, kama ningeyasoma mahubiri kabla. Naye angeweza. Mtakatifu alijitafutia mwalimu, kijana wetu akatafutiwa kipaza sauti tu.

Nilimweleza mama yote aliyosema padri. Akanishika mkono. "Kumbe alikuwa anasema na miye."

Padri, naomba mahubiri ya Jumapili umpe mkalimani tangu Ijumaa.