Kitambaa cha Zambarau

Baba alikufa kwa homa mwaka wetu wa pili Maskati, nami nina miaka kumi na minne. Sikulia. Wanawake wa mtaani walinisifu kwa Kiarabu chao kwamba nina subira, nikawapitishia kahawa na tende. Subira sikuwa nayo. Sikuwa na kitu chochote.

Mama alikaa eda chumba cha nyuma, miezi minne na siku kumi, asionane na mwanamume asiye maharimu wake. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekiandaa chumba, na kwa mambo ya eda hakuwa na mchezo. Alitoa kioo, manukato, na picha ya baba aliyopigwa Unguja, eti isimzidishie mjane majonzi. Hata jogoo wa jirani alipochungulia mlangoni alifukuzwa, kwa kuwa ni dume.

Ukutani ilibaki picha moja tu, ya mwanamke wa Kijapani. Baba alipokuwa akiuza kanga Unguja, wakala wa kiwanda cha Japani alimletea ndani ya robota la kanga, nasi tukahama nayo. Uso mweupe, mdomo mdogo mwekundu, nywele zimefungwa juu, na kitambaa cha zambarau kwenye paji la uso.

"Huyu mwache akuliwaze, wifi," alisema shangazi. "Tazama alivyojisitiri, hata kipaji hakionyeshi."

Nilikuwa pale pale na sinia mkononi, nikanyamaza. Baba alishanieleza dukani kwamba picha ile ilichongwa kwenye mbao, kila rangi na ubao wake, kisha ikapigwa chapa. Na kwamba yule ni mwanamume, mwigizaji. Katika michezo yao ya zamani wanaume ndio wanaocheza kike, na kitambaa kile kinaficha sehemu ya mbele ya kichwa iliyonyolewa. "Usimwambie mama'ko," akasema, akicheka mpaka akafuta machozi. "Atamtoa chumbani."

Ilikuwa siri yetu wawili, na sasa ilibaki yangu. Kila asubuhi nilipompelekea mama uji nilimkuta kichwa wazi, ameikabili picha, anazungumza nayo kwa sauti ndogo. Nikisema, mama ataamini eda imeharibika, na kwamba amemvunjia mumewe haki yake ya mwisho. Nisiposema, ni mimi ninayemdanganya. Niliyapima hayo kama ninayepima mchele wa watu. Nikanyamaza, wala si kwa mapenzi. Kusema kulitaka nguvu.

Siku eda ilipokwisha, shangazi alimwogesha mama, akamvisha nguo mpya, akaenda kuchukua udi. Tukabaki wawili. Niliona nisiposema siku ile sitasema tena.

"Mama, yule si mwanamke."

Mama aliendelea kufunga kanga yake. "Nnajua, mwanangu. Baba'ko aliniambia siku ile ile aliyomleta. Tulicheka miye na yeye mpaka majirani wakagonga ukuta. Akasema nisikwambie, utakwenda kutangaza chuoni, kwa wenzio wa Kurani."

"Na eda?"

"Karatasi haina macho. Picha ya baba'ko wameitoa, mwanangu. Nkabaki na kicheko chake."

Miezi minne na siku kumi nilidhani kuna kitu kimoja cha baba kilichokuwa changu peke yangu. Nilimwonea mama wivu, wivu mkali wa kitoto, na hilo ndilo la kwanza nililolihisi tangu azikwe. Shangazi aliporudi na chetezo alinikuta nalia, akanikumbusha kwamba siku za kulia zimekwisha.