Mama Mkwe Alinishinda kwa Damu

Mama mkwe wangu alitoka Boga kuja Bunia kupimwa damu, akiwa na mfuko mmoja wa nguo na kuku wawili waliofungwa miguu. Alikusudia kukaa juma moja tu. Nilimpeleka kwa dokta, wakamtoa damu kule labo, yaani maabara, na majibu yalipofika dokta alivua miwani, akaivaa tena, akasoma upya. Sukari ilikuwa imepanda vibaya. Akamkataza soda, bia, chai tamu na nusu ya vitu vingine ambavyo mama mkwe alivipenda duniani.

Mama alimsikiliza kwa adabu zote. Tulipotoka nje ya lango ndipo akasema, "Ule mutoto anataka nikufe na njaa, ili nisikufe na sukari."

Kabla hajapata gari la kumrudisha, korona ikatangazwa. Shule zikafungwa, makanisa yakafungwa, baa zikafungwa, magari ya safari yakasimama. Mimi nafundisha jiografia sekondari, kwa hiyo serikali ilinirudisha nyumbani, na nyumbani kulikuwa na mama mkwe.

Asiyejua desturi zetu hatanihurumia vya kutosha. Kwetu mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake. Hamkazii macho, haketi karibu naye, wala hampi sababu ya kujua kwamba ana tumbo. Desturi hii ilitungwa na watu waliokuwa na viwanja vikubwa. Sisi tuna sebule moja, vyumba viwili, na jiko la mabati huko nyuma. Mama akachukua sebule. Mimi nikahamia jikoni.

Na jikoni ndiko mke wangu alikokuwa akikaanga mikate, yale maandazi ya mviringo ambayo nusu ya Bunia hunywea chai asubuhi. Aliyauza langoni, maana watu waliofungiwa hula kuliko watu walio huru. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kando ya karai tangu asubuhi, sina darasa, sina kanisa, sina pa kwenda. Lililopasuka lilikuwa langu. Lililoungua lilikuwa langu. Baadaye hata mazuri nikawa nayaonja, nisije nikauzia watu kitu nisichokijua. Mchana nililala. Jioni nilisikiliza redio ikitutisha, na hofu nayo ilinitia njaa.

Mama mkwe alikuwa na shida ya namna nyingine. Kule Boga hakuna harusi wala matanga yaliyowahi kufanyika bila yeye kuketi mstari wa mbele, chupa ya soda mkononi na nyingine chini ya kiti. Sasa harusi zilikuwa zimekatazwa, na watu walizikwa harakaharaka, bila kinywaji. Alizunguka sebuleni siku chache kama mtu aliyepoteza funguo, kisha akatoka nje akashika jembe. Alilima nyuma ya choo. Alilima kando ya ua. Aling'oa maua ya mke wangu, aliyoyatunza miaka mingi, akapanda mchicha, ambao kwetu ni lenga-lenga, na mke wangu, ambaye kwangu mimi ana mdomo mkali, hakusema neno.

Jua lilipopoa, kwa kuwa kanisa lilikuwa limefungwa, mama alisali kwa miguu. Aliuzunguka uwanja mzima mbiombio, akiikemea korona, akiwakemea majirani fulani, na siku nyingine akiwakemea wanaume wanaolala mchana. Mimi nilisema amina nikiwa jikoni, mdomo umejaa.

Miezi ikapita hivyo. Siku ya mama kupimwa tena ilipofika, mke wangu aliiangalia suruali yangu, ambayo nilikuwa nimeifunga kwa kamba, akasema, "Papa watoto, na weye utapimwa."

"Miye sina ugonjwa."

"Basi damu itasema hivyo."

Tukaenda, mama kwenye pikipiki yake, mimi kwenye yangu, barakoa zikiwa videvuni. Kule labo, mama alinyoosha mkono na kuitazama damu yake ikijaza kichupa, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Zamu yangu ilipofika niliitazama kalenda ya ukutani. Kalenda ikaanza kuzunguka. Nilipopata fahamu vizuri, mama mkwe, mama mkwe mwenyewe, alikuwa amenishika mabega kwa nyuma nisianguke. Sikujua nimwombe radhi nani, yeye au mababu.

Tulisubiri majibu, kisha tukaitwa wote wawili.

"Mama," dokta alisema, "sukari yako imeshuka vizuri sana. Ulitumia dawa gani?"

"Walinifungia kwa mukwe wangu," mama akajibu.

Dokta akanigeukia. "Mwalimu, ya weye iko inapanda. Na mafuta iko mingi mu damu."

Nilicheka. Nikamweleza kwa upole, kama ninavyowaeleza wanafunzi, kwamba ni wazi vichupa vimebadilishwa. Mwenye sukari ni mama, kila mtu anajua, hata huko Boga wanajua. Dokta hakukasirika. Aliniambia nirudi kesho bila kula kitu, wanitoe upya. Nikarudi, nikatolewa, nikaitazama tena ile kalenda. Majibu yakawa yale yale, ila yalionekana yamechoka kubishana nami.

Dokta alisema si mimi peke yangu. Tangu mambo yafungwe, alikuwa akiona damu za namna mbili. Kuna watu ambao kufungiwa kumewanyang'anya pombe na karamu, damu zao zimetulia. Na kuna watu ambao kufungiwa kumewanyang'anya kutembea, wakabaki na kiti na sahani. Alipokuwa akisema hayo, vifungo vya koti lake jeupe vilikuwa vinavutana, kimoja kimeshakata tamaa.

"Na weye, dokta," nikamwuliza, "ulijipima?"

Akakohoa. "Ile tutaongea siku ingine."

Nilirudi nyumbani nikicheka, lakini kicheko kiliishia njiani. Baba yangu alikufa kwa sukari. Kwanza walimkata kidole cha mguu, kisha mguu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba kwenda uani kuota jua, mtu ambaye zamani sauti yake tu ilikuwa inatusimamisha. Niliketi jikoni mbele ya karai na sikugusa kitu. Mke wangu aliona, akaenda kumwambia mama.

Mama mkwe akaja jikoni. Hakuwahi kuingia humo nikiwemo. Nilisimama haraka, nikainamisha kichwa.

"Mukwe, kuanzia leo utakula sebuleni, mbele yangu."

"Mama, desturi..."

"Desturi haitakubeba mugongo siku watakata muguu. Bibi yako ndiye atakubeba, na ule ni mutoto wangu. Kuya."

Nikaenda. Mlo ule wa kwanza nilitafuna nikiwa nimeelekea ukutani. Lenga-lenga ilijaa sahani, samaki alikuwa mdogo. Nilinyoosha mkono kuongeza, mama akauona. "Hapana," akasema. Basi. Asubuhi yake alinigongea dirisha na kunipa jembe. Na jioni nilimfuata nyuma akizunguka uwanja, nikihema, huku yeye akimshukuru Mungu kwa sauti kubwa kwamba mkwe wake ameamka.

Sukari yangu ilishuka polepole. Nilipoanza kumwangalia mama usoni bila kuona aibu, barabara zikafunguliwa, akarudi kwao.

Sikupata habari zake za damu mpaka alipopiga simu mwenyewe. Kumbe harusi zote zilizoahirishwa zilifungwa kwa mkupuo, na matanga yote yaliyobanwa yakaliwa upya.

"Mukwe, wamenipima."

"Iko namna gani, mama?"

Akakohoa. "Iko inapanda."

Najua si vizuri, lakini nilifurahi mpaka nikasimama. Nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya darasani, kwamba aje Bunia mara moja, na safari hii atakula mbele yangu.

"Nitakuya," akasema. "Iko harusi moja tu inabaki. Mbili."