Niliita Mara Mbili

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ukungu uligoma kunyanyuka bondeni kwetu Kiruruma. Ilikuwa imefika saa mbili asubuhi, na migomba bado ilionekana kama watu waliosimama kutusikiliza.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, na nilikuwa na kipaji cha kuiga sauti. Nikimwiga mtu, hata mama yake angeitika. Binamu yangu Adela ndiye aliyekuwa akinichekea. Na mchekeshaji akishapata wa kumchekea, hajui pa kukomea. Mzaha mzaha hutumbua usaha, walisema wazee, nasi tuliyasikia kwa sikio hili yakatokea la pili.

Tulikuwa tumeshuka kuchota maji. Tukasikia mkongojo wa Mzee Kakuru ukigonga njiani. Mkewe, Bi Koku, tulikuwa tumemzika miezi mitatu nyuma.

"Mwite," Adela akaninong'oneza.

Nikajibanza kwenye mafunjo, nikaita kama alivyoita marehemu, nikivuta mwisho wa neno: "Baba Yustinaaa!"

Mkongojo ukanyamaza. Nikaita tena.

"Koku?" akaitika mzee. Nilitegemea woga, mwanangu. Haukuwepo. Ilikuwa furaha. Akaiacha njia, akaja mbiombio kwenye majani. Kati yake na sisi palikuwa na mashimo ya wafyatua matofali, yamejaa maji ya mvua. Nilitaka kumkanya kwa sauti yangu mwenyewe, nikachelewa. Tukasikia kishindo cha maji, mara moja tu. Halafu kimya. Badala ya kupiga yowe watu waje, tulikimbia.

Adela anaapa mpaka leo kwamba, tukiwa tunakimbia, aliisikia ile sauti ikiita mara ya tatu. Mimi sikuwa nimefungua kinywa.

Msibani kwa Mzee Kakuru watu walisema Koku amekuja kumchukua mumewe. Mama mmoja wa ng'ambo ya bonde alikuwa ameisikia sauti, akawa anaiigiza mbele ya waombolezaji, na mwili ukanisisimka kana kwamba aliyeita hakuwa mimi. Lakini watu hawakuishia kwenye mzimu. Walitaka kujua nani kautuma. Wakamnyooshea kidole Bi Gaudensia, mjane aliyetoka Burundi, aliyelima mashamba ya watu kwa kibarua, kwa kuwa ndiye aliyemwosha Koku alipofariki. Vijana wakamwambia Jumapili isimkute hapa.

Nikaenda kwa bibi yangu, mama yake baba. Alikuwa akimenya ndizi. Nikamweleza yote.

"Ulimsukuma?" akauliza.

"Hapana, Bibi. Niliita tu."

Akaweka kisu chini. "Mtu akiitwa huenda alikoitwa. Na yule mjane atakwenda wapi? Vaa viatu."

Tulipita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji ili Bi Gaudensia aachwe, kisha tukaenda polisi. Nikashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Nililala mahabusu siku kadhaa kabla ya dhamana, na huko usingizi ulinikimbia.

Siku ya kesi tulipanda basi Omurushaka kwenda Bukoba. Njiani mjomba akaninong'oneza: "Sema kuna sauti ya tatu. Adela atashuhudia. Hiyo ndiyo iliyomuua." Nakiri, mwanangu, nilitamani.

Jaji aliniuliza polepole, "Uliita mara ngapi?"

"Mara mbili, mheshimiwa."

"Kabla hujaita, mzee alikuwa anakwenda wapi?"

"Nyumbani kwake."

Hakuniuliza zaidi. Kwa umri wangu, na kwa kuwa nilikuja mwenyewe, hakunifunga. Aliniweka miaka miwili chini ya uangalizi wa ofisa ustawi wa jamii. Watu wakadhani nimesamehewa. Nje ya mahakama Yustina, binti wa marehemu, alinisogelea. Nilijua atanipiga. Akasema, "Hebu niitie kama mama. Mara moja tu." Nikatikisa kichwa, nikalia. Tangu hapo sijaiga sauti ya kiumbe.

Nyinyi wa leo mnatishana huku mnarekodi kwa simu, kisha mnasema mlikuwa mnatania. Sikiliza, mwanangu. Sheria itakuuliza ulikusudia nini, lakini itaanza na ulichofanya. Utoto hupunguza adhabu, kaburi haulipunguzi. Usimtishe mtu kwa kile anachokililia. Na ukiteleza, usikimbie: piga yowe, huenda pumzi ingalipo. Mimi sijui hata leo kama Mzee Kakuru angeokolewa, na kutojua huko ndiko kifungo changu. Usikubali mwingine abebe kosa lako, wala usimsingizie mzimu. Kama ile ya tatu ilikuwepo, Mungu anajua mwenyewe. Mbili zilikuwa zangu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi usioumiza, na siku utakapokosa akupe miguu ya kurudi. Wanaokupenda wakuone ukizeeka.