Siku Nilipotangaza Vita Visivyokuwepo

Jamani, nitawasimulia, ila mkimaliza kucheka mnisaidie kusahau, maana mpaka leo nikipita sokoni na bajaji yangu nahisi masikio yanapata moto, na hii ni aibu niliyojitengenezea kwa mkono wangu na mdomo wangu, sina wa kumsingizia.

Kwa wasionijua, mimi ndiye yule wa bajaji ya matangazo hapa Ifakara. Ile yenye honi mbili za spika juu ya paa, ile sauti inayopita asubuhi ikisema fulani wa Kibaoni amefariki na mazishi ni saa kumi, au maji yatakatika, au mtoto amepotea amevaa kaptula ya kijani, ndiyo mimi. Sura yangu wengi hawaijui, sauti ndiyo wanaijua. (Siku moja niliagiza supu mahali, mama muuzaji akaacha kuchota, akanigeukia akaniuliza, "Nani kafa?")

Sauti hiyo sikuipata chuoni. Niliipata kwenye kibanda cha gemu karibu na stesheni, enzi tuko sekondari, mimi na Mabula. Mabula ni Msukuma, baba yake alihamia bondeni na ng'ombe wengi, na yeye alikuwa na vidole vyepesi ajabu, vidole vya kukamua maziwa tangu utotoni, ukimpa pedi ya gemu hakuna adui anayebaki amesimama. Sasa pale kibandani kulikuwa na gemu moja la askari wa anga za mbali, ambalo unaongoza chombo na kikosi chako, unatua sayari hii na ile, unapiga risasi, halafu kila baada ya muda unasimama unaongea na viumbe wa ajabu, na unachagua mwenyewe uwajibu nini, na jibu lako ndilo linaamua nani afe na nani awe rafiki yako. Maneno yote Kiingereza, na marefu. Mabula na Kiingereza walikuwa hawasalimiani. Kwa hiyo kazi tuligawana, yeye anapiga, mimi nimeshika maiki ya redio mbovu natafsiri, kama wale jamaa wanaotafsiri filamu kwenye vibanda, na watoto wamejaa kwenye mabenchi wanasikiliza.

Na kutafsiri kwangu kulikuwa kutafsiri kwa kujitegemea. Majina ya zile sayari nilishindwa hata kuyatamka, basi nikayahamishia kwetu. Mitambo mikubwa ya umeme nikaiita Kidatu, msitu wenye giza nikauita Mang'ula, na mahali salama ambako raia wanakimbilia nikapaita Mbingu, kile kijiji cha hapa bondeni, kwa sababu bibi yangu aliishi huko na kwake wali ulikuwa haukosekani. Ilikolea. Ikafika mahali watoto wakimwona mtu ametoka Kidatu wanamuuliza kama vita vimeisha.

Hatukumaliza gemu lile. Tulibakiza sehemu ya mwisho kabisa, ndipo ikaja amri ya serikali mifugo itoke bondeni, na baba yake Mabula akakusanya ng'ombe wake akaelekea kusini. Nilisikia habari nikakimbia kwenda kumuaga. Nikakuta boma limefunguliwa, mavi ya ng'ombe bado mabichi, na mtu hayupo. Nilikaa pale nikalia, na sioni haya kusema, nililia kama mtu aliyefiwa. Sijapata tena rafiki wa namna ile. Nina mke mwema, nina watu wa kunywa nao chai na kubishana nao mpira, lakini mtu ambaye anaanza kucheka kabla hujamaliza sentensi kwa sababu anajua inakoenda, huyo sijampata.

Juzijuzi mnunuzi mmoja wa ng'ombe akanipa namba ya Mabula, kwamba yuko huko upande wa Tunduru. Nikapiga, haipatikani. Nikaandika ujumbe mrefu wa mtu mwenye hamu. Akajibu, "Salama." Nikaandika mwingine, nikamkumbusha kibanda, mabenchi, vita vya Kidatu. Akajibu, "Zamani hizo." Basi. Maneno mawili. Nilibeba ile simu siku nzima kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu, Mabula anijibu kama Mabula, siyo kama mtu anayemjibu wakala wa laini za simu.

Ndipo nikapata wazo, na wazo ndilo lililonimaliza. Fundi simu mmoja mjini aliniwekea gemu lile lile kwenye kompyuta yangu ya kupakata, toleo jipya ambalo wamelisafisha picha. Nilikuwa nalicheza kidogo kidogo mchana nikitoka kwenye matangazo. Na niwaambie ukweli, lile gemu ni dogo. Ule msitu uliotutia jasho ni miti michache inayojirudia, askari wanakimbia kama wamebanwa na haja, na ukiingia kwenye lifti unasubiri mpaka unasinzia. Halafu sasa Kiingereza nakielewa. Yule kiumbe mwenye shingo ndefu, ambaye nilitafsiri kwamba anatukana mama zetu, Mabula akammaliza hapo hapo na benchi zima likashangilia, kumbe alikuwa anatukaribisha. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu Adela akaja kuangalia, kisha kicheko kikakatika, maana wa kucheka naye ndiye hayupo.

Nikasema, nitamrekodia Mabula ile sehemu ya mwisho. Nitaicheza na kuitafsiri kwa sauti ile ile ya kibandani, nimtumie, na akisikia hataweza kujibu "salama". Sauti ya kompyuta ilikuwa nyembamba, na kwenye bajaji nina amplifaya nzuri na maiki nzuri, kwa hiyo nikaamua nirekodie ndani ya bajaji. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, manyunyu yanadondoka. Bajaji nilikuwa nimeiegesha pembeni ya soko, nikashusha mapazia ya turubai pande zote, nikavaa hedifoni kubwa za kwaya (zile zinazoziba masikio mpaka unasikia moyo wako), nikaunganisha nyaya za kompyuta na amplifaya. Amplifaya yangu ina swichi ya honi za juu. Asubuhi nilikuwa nimetangaza msiba. Kuizima, sikuizima.

Nikashika maiki. Na mazoea, ndugu zangu, yana taabu. Mtu aliyezoea kuanza na tangazo hawezi kuanza na kitu kingine.

"Tangazo, tangazo," nikasema, kwa ile sauti ya misiba. "Wananchi wote wa bonde mnatangaziwa kwamba mitambo ya Kidatu imetekwa na maadui. Narudia. Mitambo ya Kidatu imetekwa."

Na umeme ukakatika. Siyo kwenye gemu, Ifakara. Unavyokatika siku zote bila kuaga, siku hiyo ukaona ukatike dakika ile. Mashine za kukoboa zikanyamaza, redio zikanyamaza, nikabaki mimi peke yangu angani na betri yangu ya bajaji.

Haya yote nimeambiwa baadaye, wakati ule nilikuwa vitani. Nikawatangazia kwamba adui ameshaingia msitu wa Mang'ula na anateremka, kwamba kina mama wachukue watoto waelekee Mbingu, wasibebe mizigo. Halafu nikaanza kupiga risasi. Zile honi zangu zinafika mbali, jamani, nilizinunua kwa sababu zinafika mbali. Wenye mpunga kwenye maturubai waliuacha na manyunyu. Wanawake wakaenda kuchukua watoto shuleni mbio, kanga mkononi. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwa kinyozi, akatoka na nusu ya kichwa. Na wote walikuwa wanaambiana neno moja ambalo likinijia huwa naumia: "Ni yule wa misiba, yule hasemi uongo."

Mwenyekiti wa mtaa alikusanya mgambo, wakaja na marungu kufuata sauti, watu nyuma yao, maana mtu akiogopa sana hufuata kinachomwogopesha. Walinikuta pembeni ya soko. Wangenitoa pale pale, lakini walipofika nilikuwa nimeacha kupiga risasi.

Nilikuwa nimefika mwisho. Kumbe ile sehemu tuliyobakiza ni hii: chombo kinataka kuondoka, mlango lazima mtu abaki kuushikilia, na unao askari wawili uliotoka nao mbali, unatakiwa uchague nani umwache. Gemu linasimama, linakusubiri. Mmoja wao tangu enzi zile tulimwita Mabula.

Nikashindwa kubonyeza. Na maiki nikaendelea kuishika.

"Mabula," nikasema, na siyo kwa sauti ya matangazo tena, "hapa ndipo pale tulipobakiza. Wanataka nikuache. Mimi sikuachi. Wewe ndiye uliyeniacha, nilikuja bomani nikakuta mavi ya ng'ombe tu. Hukuniaga. Najua haikuwa juu yako, najua ilikuwa juu ya wakubwa, lakini ungepita hata nyumbani ungemwambia mama. Mimi nina mke sasa, nina binti anaitwa Neema, nina kazi watu wananiheshimu, na bado kila kitu cha kuchekesha kikitokea nageuka kukutafuta. Unaniandikia salama. Salama gani? Rudi, Mabula. Rudi hata siku moja, ule wali, ucheze huu upuuzi, uondoke. Nimekumbuka mpaka nimechoka."

Na hapo nikalia. Kilio cha mtu mzima, chenye makamasi, ndani ya maiki nzuri.

Pazia likafunguliwa. Adela, ambaye anauza mchele mle mle sokoni na alikuwa ameambiwa mumewe ametangaza vita, akanivua hedifoni taratibu, akainama akaniambia, "Baba Neema, spika ziko wazi."

Nikaangalia nje. Watu. Sokoni kote, mpaka juu ya malori, watu wamesimama kwenye manyunyu wananiangalia, mgambo wameshusha marungu, yule mzee na nusu ya kichwa yuko mbele kabisa. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo aibu ilipokuwa kubwa, ningeshukuru wangecheka. Bibi mmoja aliyekuwa na kikapu cha samaki akasema kwa upole, "Sasa mwanangu, huyo Mabula amekujibu?"

"Bado, shikamoo bibi," nikasema. (Salamu ilikuja nyuma, akili haikuwepo.)

"Marahaba. Atajibu."

Mwenyekiti akakohoa. "Mimi nataka kwanza nijue Kidatu imetekwa na nani."

Nikamweleza. Nikamwonyesha kompyuta, nikamwonyesha askari wawili wamesimama wanasubiri. Akaangalia muda mrefu. Kisha akatoa hukumu, na sijapata kuona hukumu inayolingana na kosa namna ile: niwashe bajaji sasa hivi, nizunguke kila mtaa niliosikika, nitangaze kwa mdomo wangu kwamba vita hakuna. Yeye mwenyewe akapanda nyuma kusimamia. Basi nikazunguka, macho mekundu, "Tangazo, tangazo, vita havipo, Kidatu ni salama, mpunga unaweza kuanikwa," na watoto wakikimbia nyuma wanaitikia, "Mabula rudi! Mabula rudi!" Mwenyekiti akawa anawakataza huku anajifuta macho, na sikutaka kujua anafuta nini.

Kazi iliyumba. Msiba uliofuata, wafiwa walinituma nikatangaza, na watu wakaja nyumbani kwangu kuuliza kama ni msiba kweli au ni gemu. Niliumia, kwa sababu sauti ya mtu ikishapoteza imani haina duka la kuinunulia tena. Taratibu wameanza kuniamini, lakini bado wapo wanaosubiri tangazo lipite mara ya pili ndipo wavae waende msibani.

Na kama mnavyojua, simu za siku hizi hazilali. Mtu alinirekodi tangu Kidatu hadi makamasi, ikazunguka kutoka kundi hadi kundi, ikashuka kusini na wanunuzi wa ng'ombe. Jioni moja simu yangu ikaita. Sikusikia salamu, nilisikia ng'ombe kwanza.

"Yule wa shingo ndefu alikuwa anatutukana au la?" sauti ikauliza. Nzito, ya mtu mzima, ila niliijua.

"Alikuwa anatukaribisha," nikasema.

Akacheka kabla sijamaliza. Akacheka mpaka akakohoa, nami nikacheka.

"Sikuaga kwa sababu ningeaga ningelia," akasema. "Na baba alikuwa anaangalia."

"Utakuja?"

"Ng'ombe hawajui likizo, ndugu yangu. Mwaka huu hapana. Mwakani sijui, nisikudanganye."

"Na kule mwisho," nikamuuliza, "nimwache nani?"

"Usimwache mtu. Zima tu mashine."

Nikazima. Sasa nimeapa mbele ya Adela na mwenyekiti kwamba sitashika maiki tena kabla sijaangalia swichi kwa macho yangu na kuigusa kwa kidole, na kiapo hicho nakitunza kila siku ya Mungu. Walitaka niape pia kwamba sitamwita tena Mabula hadharani. Hicho nimekataa.