Mgomo wa Salamu

Bibi yangu hakuwahi kubeba bango wala kuandamana, lakini alimshinda mwenyekiti wa kitongoji chetu kule Kasoli kwa kufunga mdomo tu. Ng'ombe wa mwenyekiti walikuwa wakila pamba yetu kana kwamba wameipanda wao. Wanaume wakashika fimbo. Bibi akawaambia, "Wekeni chini. Kuanzia kesho asisalimiwe na mtu."

Kwetu Usukumani salamu si neno, ni safari: unaulizwa watoto, shamba, mifugo, hadi mguu uliokuuma mwaka jana. Asubuhi mwenyekiti akapita akiita, "Mwangaluka!" Kimya. Kisimani, kimya. Kilabuni wakamgeuzia migongo. Siku chache baadaye tulimkuta akimsalimia mbuzi wetu na kumpa habari zote za nyumbani kwake. Jioni ile ile aliwaswaga ng'ombe wake mwenyewe, akawatoa shambani, na Bibi akaitikia salamu yake mpaka giza likaingia.

Hadithi hii nimemsimulia binti yangu mara nyingi, kwa majivuno. Mwaka huu nimechaguliwa kusimamia bomba la maji la mtaa wetu hapa Bariadi, nikaamuru lifunguliwe saa tatu asubuhi. Kwani mimi ni mtumwa wa nani, niamke alfajiri kwa ajili ya ndoo za watu?

Jana asubuhi binti yangu akanipita bila salamu. Nikaanza mimi, mtu mzima: "Mwangaluka." Kimya. Mke wangu naye akainamia sufuria. Nikatoka uani, nikakutana macho kwa macho na mbuzi.

Nikarudi ndani kuchukua funguo za bomba.