Jina la marehemu mume wangu linaingia kwenye seva za ofisi

Admin, nifichie jina, maana Mbinga tunajuana. Mimi ni mjane wa miaka 34, nina watoto wawili. Ni fundi kompyuta kwenye kampuni ya kununua kahawa, kazi aliyoiacha mume wangu alipofariki mwaka jana.

Pale ofisini akaunti za wafanyakazi na zile za kuendesha seva, za hapa na tulizokodi mtandaoni, zote ziko kwenye saraka moja, yaani orodha moja inayoamua nani anaingia wapi. Ukipata nywila ya fundi umepata kila kitu. Niliomba ziwe saraka mbili tofauti, na akaunti ya marehemu ifungwe. Meneja akasema, "Dada, nusu ya seva zinaendeshwa na akaunti ile. Ukiifunga msimu huu tutanunuaje kahawa? Subiri."

Juzi asubuhi nikaona jina la mume wangu kwenye kioo cha kompyuta. Ameingia. Kwa muda nilisahau kabisa kwamba mimi ni fundi, nikawa mke tu. Halafu likaanza kufungua taarifa za wakulima. Kilo zao za kahawa zinapunguzwa, zinaandikwa kwa jina langu mimi, kwenye kile kishamba alichotuachia.

Baada ya matanga, shemeji, mdogo wake, alichukua laini ya simu inayopokea malipo ya kishamba hicho, na laptop ya marehemu, ambayo nywila zimehifadhiwa humo. Nikamfuata dukani kwake. Hakukataa. Aliniambia taratibu tu, "Shemeji, hizo kilo ziko kwa jina la nani? Na fundi pale ni nani? Ukifungua mdomo, wewe unaenda ndani, watoto wanaenda kwa bibi yao Kihagara."

Tangu hapo chakula hakipiti. Binti yangu mkubwa anauliza, "Mama, unaumwa?" Namwambia ni malaria.

Leo meneja kaja anacheka. "Ombi lako limepita! Jumatatu wataalamu wanatoka Songea kutenganisha saraka. Watakagua kila akaunti, nani kaingia, kafanya nini."

Nilichokililia muda wote huu ndicho kinachonitisha. Watakuta jina la marehemu na jina langu. Shemeji hayumo popote.

Nikimwambia meneja kabla ya Jumatatu, ataniamini? Nikinyamaza, wanangu watalala wapi? Ndugu zangu, nisaidieni mawazo, na msichelewe. Ninavyoandika hivi nimejifungia chumbani. Shemeji yuko sebuleni na watoto, kawaletea soda. Ananiita, anasema chai inapoa.